Maoni ya Wasomaji wa Kaniha

Majina ya waliotukosea nitayataja, maana sina wa kumwogopa tena. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Deusi Kabatange. Katibu kata alikuwa Wilbrod Rutagwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Petro Misigalo. Wawili wamekufa na mmoja yuko hai, anatembelea fimbo, na Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani. Lakini ninayetaka kumweleza hapa si hao. Ni mwalimu wetu wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, na la kwake jina sitaliandika. Tulimwita Mwalimu. Mwalimu wa nchi nzima alikuwa mmoja, huyu alikuwa wa Kaniha, wa kabati la vitabu.

Kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja juu yake, nililala nalo na kuamka nalo: alilifuta jina la mume wangu, au hakulifuta?

Mimi shule niliishia darasa la nne. Barua nilikuwa naweza kusoma kama mwandishi ameandika herufi kubwa na hana haraka. Kusoma kitabu kizima, mwanzo hadi jalada la nyuma, nilifundishwa na mtu huyo, katika ghala la pamba, saa tisa alasiri, tukiwa tumekaa juu ya magunia matupu. Kwa hiyo hata maneno ninayomshtaki nayo ni ya kwake. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, na shingoni alivaa kamba mbili. Moja ilikuwa rozari. Ya pili ilikuwa na ufunguo wa kabati na raba ya kufutia, ameitoboa kwa sindano ya moto akaining'iniza. Akitembea, raba na msalaba viligongana. Watoto walimwigiza kwa kufunga kipande cha muhogo kwenye uzi. Alikuwa anawaona, naye anajifanya hawaoni.

Vitabu vyake vilitoka Urusi. Si kwamba alikuwa na ndugu huko. Wakati ule serikali ya huko ilikuwa na jumba lake la kuchapa vitabu kwa lugha za watu wengine, Waarabu lugha yao, Wahindi yao, na sisi tukachapiwa vya Kiswahili: hadithi za huko zimegeuzwa, karatasi nzito, jalada gumu linalonukia gundi. Vilipitia wizarani, vikapita wilayani, vikatufikia. Kijiji kizima kilikuwa na msumari wa kubahatisha na mafuta ya taa ya kupimiana kwa kifuniko, lakini hadithi za nchi ya barafu tulikuwa nazo kabati zima.

Mwalimu, akipokea kifurushi, alifanya ishara ya msalaba kabla ya kukata kamba. Mume wangu Anastazi alimuuliza siku moja:

"Mwalimu, hao si wanasema Mungu hayupo?"

"Ndiyo maana naviombea. Kitabu hakina kosa. Ni kama mtoto, hakuchagua baba."

"Na hao wakubwa wa huko wanataka nini kwetu? Mtu wa mbali namna hiyo anakuletea kitu cha bure!"

"Wanataka tuwapende."

"Kwa vitabu?"

"Wewe ungependa watumie mabomu, Anastazi?"

Watu walicheka. Anastazi naye alicheka, lakini tukirudi nyumbani aliniambia, "Mama Stela, mtu anayetaka kupendwa na watu asiowajua, mwogope." Nilimwambia aache maneno. Stela alikuwa mgongoni, hajaanza kutembea.

Sasa nieleze namna alivyofanya kazi, kwa sababu msiba wetu ulitoka hapo.

Nyuma ya kila kitabu, ukurasa wa mwisho kabisa, jumba lile la vitabu lilikuwa linawaomba wasomaji wawaandikie: tafsiri ikoje, picha zikoje, mngependa tuwaletee nini. Watu wengine wote wa nchi hii, nadhani, waliufunga ukurasa ule. Mwalimu wetu aliuchukua kama amri. Alisema kule mbali kuna watu wamekaa mezani na kamusi, wamegeuza neno kwa neno kwa ajili yetu, na sasa hivi wamenyamaza wanatusubiri. "Wanatusubiri," alikuwa anasema hivyo akitazama mlangoni, mpaka na mimi nikawa natazama.

Basi alikuwa anasoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, polepole. Halafu anafunga kitabu. Anamnyooshea mtu kidole: "Wewe. Simulia kwa Kisubi." Kwetu Kiswahili kilikuwa cha ofisi na soko. Kusikia tunakisikia, lakini kitu ukikielewa kweli unakisema kwa lugha ya mama yako. Mtu akisimulia bila kukwama, Mwalimu anaitikia kwa kichwa: hapo mfasiri kafanya kazi. Mtu akikwama, anachukua penseli na kuandika: ukurasa wa kumi na nne, wasomaji wa Kaniha wamekwama. Hakulaumu msikilizaji hata siku moja. Alikuwa analaumu tafsiri.

Tulikwama sana. Mama mmoja mzee, Koletha, alisimulia kwamba mto uliganda na watu wakapita juu kwa farasi, akasita, akamgeukia Mwalimu: "Baba, hapa nimesema uongo au wao ndio wamesema?" Iliandikwa: mama Koletha, mfinyanzi, anaomba maelezo juu ya mto. Na miezi mingi baadaye ilikuja karatasi iliyopigwa chapa, inamjibu mama Koletha kwa jina lake, pamoja na picha ya mto mweupe na gari juu yake. Yule mama aliiweka ile picha juu ya kitanda, karibu na Moyo Mtakatifu. Tangu siku hiyo darasa lilijaa. Kila mtu alitaka jina lake liende ng'ambo.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kubwa: kila maoni yana mwenyewe. Jina, kazi, mahali. "Maoni bila jina ni uvumi," alisema. "Uvumi tunao wa kutosha hapa kijijini, hatuna haja ya kuupeleka nje." Akasema tena kwamba wakubwa wamezoea kusikia 'wananchi wanasema'. Wananchi ni nani? Wana kifua? Wana mgongo? Yeye alitaka wajue kuna Koletha, mfinyanzi.

Barua aliiandika kwanza kwa penseli, wiki nzima. Neno likimkera analifuta kwa raba, anapuliza, anaandika jingine. Nimemwona akifuta nukta moja mara tatu. Karatasi ilikuwa inatoboka. Halafu ndipo anaandika kwa wino, na Alhamisi anapeleka kwa katibu kata, kwa sababu sanduku la posta lilikuwa moja tu, la kata, na ufunguo anao Wilbrod.

Alikuwa mtu wa namna mbili, na sijawahi kuelewa zilikaaje ndani ya shati moja. Kwa Warusi alikuwa simba. Aliwaandikia, nilisoma mwenyewe, kwamba mfasiri wao anapenda maneno ya pwani ambayo mkulima wa bara hayajui, na kwamba mtu aliyefiwa hasemi kwa ufasaha hivyo. Aliiambia serikali kubwa ya dunia kwamba imekosea! Lakini kengele ya baiskeli ya Deusi Kabatange ikilia huko barabarani, Mwalimu alisimama. Hata kama alikuwa anakunywa maji, anasimama na kikombe. Bati la ghala lilivuja juu ya kabati masika mbili nzima, na hakuthubutu kumwambia mwenyekiti. Alisogeza vitabu. Vikisogea huku, tone linavifuata. Mwisho alivifunika kwa koti lake la mvua, yeye akawa anatembea analowana.

Anastazi hakuwa hivyo. Mume wangu alikuwa mwepesi wa mdomo. Akimwigiza mtu, unamtafuta yule mtu uani. Nilimpenda kwa hilo, na kwa hilo pia nilikuwa sipati usingizi.

Kikaja kitabu cha kijani. Hadithi ilikuwa ya kijiji chao cha ushirika, maana kumbe na wao walikuwa wamekusanywa wakalimishwa pamoja kama sisi. Mwenyekiti wa pale ana koti la manyoya. Kila akichukua kitu cha watu, asali, ngozi, mbegu, anasema ni kwa faida ya wote. Wazee wanasimama kwenye baridi wakisikiliza hotuba, na yeye koti analo. Mwalimu alisoma ukurasa ule kwa sauti ileile ya siku zote, sidhani alikuwa anafikiria lolote. Alifunga kitabu.

"Anastazi. Simulia."

Mume wangu alisimama juu ya gunia. Alianza vizuri kwa Kisubi, na koti la manyoya likamshinda, maana kwa Kisubi koti la namna hiyo utalisemaje? Akamvalisha yule mwenyekiti viatu vya mpira. Akampandisha baiskeli. Akapiga kengele kwa mdomo, kring, kring, akashuka kwa mguu wa kulia huku anainua suruali kwa vidole viwili, kama alivyoshuka Deusi, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya puani, "Ndugu zangu, hii ni kwa faida ya wote."

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mama Koletha alijifunika uso kwa kitenge. Na aliyecheka kuliko wote, nakumbuka, alipiga hata goti chini, alikuwa Petro Misigalo, balozi.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika, macho yamemtoka kwa furaha. "Umeona!" aliniambia mimi niliyekuwa karibu. "Umeona, Mama Stela? Hakukwama hata mahali pamoja! Hiyo ndiyo tafsiri. Mtu wa huko amegeuka jirani yetu."

Mimi nilikuwa nimeshamfunga Stela mgongoni, natafuta mlango.

Jumanne yake Anastazi hakula. Alikuwa amekutana na Petro kisimani, na Petro amemwambia kwa kucheka, "Ee bwana, utatuua kwa mbavu," halafu amemshika bega kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Anastazi aliniambia: "Nenda kwa Mwalimu. Mimi nikienda nitaonekana. Mwambie maoni ayatume, ila jina langu alitoe."

Nilikwenda nimebeba kapu kama ninayekwenda kuomba majani ya maboga. Nilimkuta Mwalimu mezani, barua ya penseli mbele yake.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Stela. Sikiliza hapa." Akanisomea. Sikumbuki yote, nakumbuka hii: kwamba Ndugu Anastazi, mkulima wa pamba, amemtambua mwenyekiti wa kitabuni kuwa ni mtu wanayekutana naye kila siku. Alisoma hapo mara mbili.

Nilimwambia nilichotumwa. Raba ilikuwa kifuani mwake, inaning'inia, umbali wa mkono wangu tu. Nilifikiri kuichukua mwenyewe.

"Maoni bila jina..." alianza.

"Najua, Mwalimu. Ni uvumi. Basi acha yawe uvumi. Huyu ana mtoto."

"Barua inakwenda ng'ambo, mama. Haikai hapa."

"Inapita kwa Wilbrod."

"Wilbrod hafungui barua za watu. Ni kosa la jinai."

Alisema hivyo, na aliamini. Nilimwomba tena. Nilipiga goti, sioni aibu kuandika. Akaniinua, akaniambia, "Nitafikiri." Nikatoka na majani yangu ya maboga. Alhamisi barua ikaenda.

Baada ya hapo haikupita miezi mingi, vita ikaingia. Redio ikasema Nduli wa nchi jirani amevuka mpaka, na watu wa kaskazini wakaanza kushuka na magodoro vichwani, mbuzi wamefungwa kamba, mmoja amebeba cherehani. Malori ya jeshi yalipita barabarani mpaka vumbi likawa halitui. Tukaambiwa tusiwashe moto wa kuonekana. Tukaambiwa mgeni aripotiwe, na mwenyeji mwenye mambo ya kigeni aripotiwe pia. Vijana wa mgambo tuliowalea wenyewe wakawa wanatusimamisha kuuliza tunakotoka. Ilikuwa vita ya haki, sibishi. Lakini kila vita ina watu wake wa nyuma, na hao huwa hawaendi mstari wa mbele, wanapigana na jirani.

Deusi aliitisha mkutano mbele ya ghala, mchana, jua la utosi. Wilbrod alisimama na karatasi. Alisema nchi inashambuliwa, na humu kijijini kuna watu wanapeleka majina ya wananchi kwa serikali za nje, jina, kazi na mahali anapokaa. "Kwa nini serikali ya nje itake kujua mfinyanzi anakaa wapi?" Watu wakaguna. Kwa kweli ukisikia hivyo kwenye jua la siku zile, na malori yanapita, hata mimi nilijiuliza. Alisema barua imenaswa, haikufika. Akasoma majina tisa. Kila jina likisomwa, mwenyewe alikuwa anasogea nyuma bila kujua, na sisi wengine tunampisha.

Mama Koletha alipaza sauti, "Mimi niliuliza mto tu!"

Kati ya tisa walichukuliwa wawili, Mwalimu na Anastazi. Wale wengine hawakuwa wamemchekesha mtu.

Karatasi ya Wilbrod niliiona, nilikuwa karibu. Ilikuwa mwandiko wa Wilbrod. Haikuwa barua yenyewe. Na hilo ndilo lililonipa pa kushika kwa miaka yote: labda jina la mume wangu halikuwamo kwenye barua. Labda Mwalimu alifikiri, akalifuta, na Petro Misigalo ndiye aliyeliongeza kwa mdomo wake. Hapo nikawa na wa kumchukia bila kumchukia aliyenifundisha kusoma.

Lori liliwabeba kuelekea Biharamulo. Anastazi alinitazama akainua suruali kwa vidole viwili, vile vile, kabla ya kupanda. Alitaka nicheke. Sikucheka. Nimejuta kila siku.

Mwalimu alirudi vita ilipokwisha. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa na mkono wa kulia unatetemeka, na ile kamba ya pili shingoni haikuwepo. Anastazi hakurudi. Wilbrod alinijia na mstari mmoja wa maneno, hata baiskeli hakuiegesha: amekufa kwa kuhara, amezikwa huko huko. Nilimuuliza huko wapi. Akasema, "Mama, kulikuwa na vita." Akakanyaga pedali.

Vitabu walivichukua. Vingine Deusi alivigawa dukani, vikafungiwa chumvi. Nimewahi kununua chumvi ndani ya ukurasa wenye farasi.

Mwalimu aliishi Kaniha miaka michache baada ya hapo, na hatukuzungumza. Tulisalimiana. Nikimwamkia "Shikamoo," ananigeuzia sikio zima, anaitikia, anatazama chini. Mimi nilisema moyoni, ni aibu ya kupona. Sikuuliza. Ukiniuliza mbona sikuuliza, nitakwambia: kwa sababu angejibu. Halafu akahama, ikasemekana yuko Lusahunga kwa binti ya dada yake.

Mwaka jana nilipeleka karanga Lusahunga, pale njia panda, malori ya Rusumo yanaposimama. Nikamwona kwenye mgahawa, mezani nje, mzee mwembamba, anamwandikia utingo mmoja barua. Mkono unatetemeka mpaka anaushika kwa mwingine. Utingo akawa anamhimiza, "Mzee, andika tu nampenda, usizungushe!" Yeye anasema, "Ngoja. Jina lake nani? Huwezi kumpenda mtu hana jina."

Nilisimama mpaka utingo akaondoka.

"Shikamoo Mwalimu."

Alinitambua kwa sauti. Hakuitikia. Aliinuka kama zamani kwa baiskeli ya Deusi, akaingia ndani, akakaa sana. Nikafikiri ametorokea mlango wa nyuma. Kumbe alikuwa anatafuta. Alitoka na kifurushi cha karatasi ya kaki, kamba haijakatwa, stempu zake za rangi zimepauka. Akakiweka juu ya karanga zangu.

Juu kilikuwa kimepigwa chapa anwani. Nilikisoma, na kusoma kwangu si kwa haraka: Ndugu Anastazi, mkulima wa pamba, Kaniha, Biharamulo.

"Kilikuja lini?"

"Mwaka nilioachiwa. Wilbrod alinitupia tu, vita ilikuwa imekwisha, hakujali tena."

"Umekaa nacho miaka yote hiyo?"

"Sikukifungua. Si changu."

Malori yalikuwa yanapita. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kichwani mwangu mambo yalikuwa yanajipanga polepole, kama herufi nilipokuwa najifunza. Barua ilifika. Wilbrod aliifungua, akanakili, akaiachia iende. Na kule ng'ambo walilijua jina.

"Ulisema utafikiri," nikamwambia. Ilibidi nirudie kwa kelele, kwenye sikio zima, na watu wa mgahawa wakageuka. "Ulisema utafikiri!"

"Nilifikiri, Mama Stela. Siku mbili. Raba nilikuwa nayo mkononi." Alitazama mkono wake. "Yalikuwa maoni mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata. Sikutaka yaende bila mwenyewe."

"Kwa sababu yake au kwa sababu yako?"

Akasema, "Nilitaka wajue kwamba huku nako kuna watu." Na kwa sauti ya chini, "Na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha."

Sikumpiga. Nasema hivi kwa sababu mkono ulikuwa umeshainuka. Niliushusha kwenye kamba ya kifurushi, nikaikata kwa meno. Ndani kulikuwa na kitabu cha hadithi, kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, na barua. Niliisoma kwa sauti, pale pale, kwenye sikio lake. Walimshukuru Ndugu Anastazi kwa maoni yake. Walisema mfasiri amefurahi sana kusikia kwamba mwenyekiti wa kitabuni amefanana na mtu wanayemfahamu. Walimwomba aendelee kuwaandikia, na awataje wasomaji wengine.

Nilipomaliza, Mwalimu alikuwa amefumba macho. Na unajua alichosema? Namwona mpaka leo akisema:

"Umesoma bila kukwama."

Nikafunga kifurushi changu. Karanga nilimwachia kikombe kimoja, sijui kwa nini. Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Kuzika sikwenda.

Stela ana nyumba yake sasa, ni yeye aliyeniletea daftari hili. Nimeandika kwa penseli kwanza, kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza jina la Mwalimu lilikuwamo, mahali kumi na moja, pamoja na la ukoo wake, nilitaka alale na majina ya wenzake watatu. Halafu nimelifuta, moja baada ya moja, kwa raba ya mjukuu wangu. Nilikuwa nataka kujua ni kazi kubwa kiasi gani. Si kubwa. Unasugua kidogo, unapuliza, karatasi inabaki nyeupe. Maji niliyoweka jikoni yalikuwa bado hayajachemka.